Baba Waziri na Dawa ya Misimu Minne

Sukari alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, si kwa sababu alikuwa anaumwa, bali kwa sababu duka lilikuwa na feni. Mbele yake mama mmoja aliyevaa vizuri aliomba dawa ya kikohozi isiyoleta usingizi.

"Ya mtu mzima au ya mtoto?" muuzaji akauliza.

"Ya mbwa," mama akajibu, akafungua mkoba. Kijibwa kikachungulia, kimevaa sweta la sufu, na huko nje jua lilikuwa kali hadi lami inanata kwenye viatu.

Muuzaji akasema hana. Mama akaguna kwa uchungu, macho yakamlengalenga. Wengine kwenye foleni waliangalia dari ili wasicheke. Sukari hakuwa na nafasi ya kucheka, kwa maana alikuwa anapiga hesabu. Mtu anayemvisha mbwa sweta wakati wa joto, mvua ikija si atamnunulia mabuti? Na baridi ikija? Na upepo wa vumbi? Mwaka una misimu minne, na kuna watu wana roho ngumu ya kuuza kitu mara moja tu.

Jina la Sukari alipewa na mtaa kwa heshima ya ulimi wake. Aliwahi kumuuzia kinyozi mwenye upara dawa ya kuotesha nywele, na kinyozi akarudi kuongeza chupa. Lakini mwaka ule mambo yalikuwa yamemwendea kombo, na dada yake, aliyeahidiwa mtaji wa saluni kila mwaka mpya ulipoingia, alikuwa amemwambia neno lililomkaa rohoni: "Kaka, kiti cha saluni nimeshanunua, kimefunikwa nailoni kinakungoja. Safari hii ukija mikono mitupu, usije kabisa." Sukari angeweza kudanganya dunia nzima, lakini mbele ya dada huyo alikuwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Basi akamfuata yule mama hadi mtaani kwake. Ulikuwa mtaa wa maua yaliyokatwa sawasawa, wenye kizuizi cha chuma mlangoni na mlinzi aliyeketi juu ya kreti la soda.

"Wewe baba nani?" mlinzi akamuuliza.

"Baba nani kivipi?"

"Hapa kila mtu ni baba au mama wa mnyama wake. Yule aliyepita ni Mama Biskuti. Yule kwenye kona, mwenye mbwa mwenye mashavu, ni Baba Kanali. Huna mnyama, mimi sikujui."

Hivyo ndivyo watu wa kule walivyoishi, na tusiwacheke sana, maana kila mtaa una wazimu wake. Walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta miaka na miaka, na hakuna aliyejua jirani yake anaitwa nani, anafanya kazi gani wala ametoka wapi. Ila wote walijua kwamba Kanali ana mzio wa maziwa.

Sukari akageuka nyuma bila kubisha. Nyuma ya bucha alipata mbwa wa kahawia asiye na mwenyewe, sikio moja limesimama, jingine limelala. Alimsugua kwa sabuni ya unga mpaka maji yakaacha kuwa meusi, akamfunga tai yake mwenyewe shingoni na kumwita Waziri. Kesho yake mlinzi alisimama kabisa kutoka kwenye kreti.

"Karibu, Baba Waziri!"

Hakuna aliyeuliza nyumba yake iko wapi, na ilikuwa vizuri hivyo, kwa sababu Sukari alipanga chumba ng'ambo ya soko, kwa mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari za mbwa.

Jioni watu wa mtaa walikusanyika kwenye uwanja wa nyasi, kila mmoja na mnyama wake. Sukari alifika amevaa koti jeupe, na shingoni kipimo cha kusikilizia moyo alichokinunua kwa muuza mitumba. Akainama, akamsikiliza Biskuti kifuani, akatikisa kichwa polepole.

"Mama, huyu mtoto ana joto la ndani."

"Nilijua!" Mama Biskuti akalia. "Nilimwambia mume wangu!"

"Usijilaumu. Wanyama wengi wanatibiwa wakishaugua, na hapo ndipo tunapokosea sisi binadamu. Mnyama analindwa mwaka mzima, msimu kwa msimu. Jua kali, dawa nyekundu. Mvua, ya kijani. Baridi, ya njano. Upepo, ya bluu. Matone matatu kwenye maji, asubuhi."

Dawa zenyewe zilikuwa maji ya kuchemsha, chumvi kidogo na rangi ya keki. Ili uongo uwe na ladha, Sukari aliuchanganya na ukweli alioukariri kwenye bango la ofisi ya mifugo: maji safi kila siku, kivuli, mnyama asiachwe ndani ya gari lililofungwa, kupe watolewe mapema. Ukweli haukuwagusa. Waliuliza tu kama dawa nyekundu inaweza kupatikana ya waridi.

"Na chanjo?" aliuliza Baba Kanali, ambaye kazini alikuwa mkaguzi wa hesabu na aliheshimika kwa kutomwamini mtu. "Ya kichaa cha mbwa inakaribia kwisha muda wake."

"Ukiwa na nyekundu, chanjo ya nini?" Sukari alijibu, kisha akaongeza kwa ukarimu, kwa kuwa mvua zingemkuta mbali: "Na mvua zikianza, mimi mwenyewe nitapita nyumba kwa nyumba. Nitakausha makucha, nitakagua masikio, nitatoa kupe kwa mkono wangu huu. Mnalipa mara moja tu, mwaka mzima."

"Wazo zuri," akasema Baba Kanali. "Lakini mimi simpi hela mtu ambaye mbwa wake nimemjua juzi."

Sukari alianza kuona kiti cha dada yake kikirudishwa dukani. Hapo ndipo ilipotoka sauti ya upole kutoka kwenye benchi.

"Nipeni mimi nizishike."

Alikuwa mama wa makamo, shali begani, na mapajani paka mweupe mnene mwenye macho ya kijani. Watu wakapumua. Nani asiyemjua Mama Theluji? Paka wake hajawahi kukosa adabu. Baba Kanali mwenyewe, mkaguzi wa hesabu, alikuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni.

Sukari alimsindikiza Mama Theluji hadi nyumbani kwake, nyumba yenye zulia ambalo mtu anaona haya kulikanyaga. Alipofunga mlango, yule mama alichovya kidole kwenye chupa nyekundu, akalamba.

"Mwanangu," akasema, "umezidisha chumvi."

Sukari akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"Usihangaike. Nimekaa na watu hawa, nawajua. Wewe ongea, mimi nikusanye. Tunagawana nusu kwa nusu kabla mvua haijaanza. Jumamosi asubuhi ukija, mfuko utakuwa mezani."

"Mama, wewe ni mtu hatari."

"Mimi ni mama tu wa nyumbani. Na huyo mbwa wako asilale sokoni, atapata kupe. Mwache hapa barazani kwangu."

Sukari alishukuru mdomoni, moyoni akacheka. Nusu kwa nusu! Alikwisha kupanga kwenda Ijumaa, siku moja kabla, na hadithi ya mzigo wa dawa uliozuiwa bandarini. Angeomba mfuko mzima kwa saa chache tu, na hizo saa chache zingemfikisha kwa dada yake. Alimwonea huruma kidogo yule mama. Watu wapole huumia sana.

Kwa hiyo alifanya kazi bila wasiwasi. Alipita kila geti, akasikiliza mioyo ya mbwa, sungura na kobe mmoja aliyegoma kutoka nje kusikilizwa. Alikula chakula cha mchana kwa Mama Biskuti, na jioni alikwenda kumwona Waziri, aliyekuwa ameanza kunawiri. Mbwa huyo alimrukia kwa furaha kila alipofika. Sukari alimwambia aache upuuzi, kisha akamkuna lile sikio lililolala.

Ijumaa, mawingu yakiwa mazito, aligonga mlango wa Mama Theluji akiwa amekunja uso wa mtu aliyezuiliwa mzigo. Akafungua mwanamume asiyemjua, masanduku ya safari yamejaa nyuma yake, na Theluji mabegani mwake.

"Namtafuta mwenye nyumba."

"Ndiye mimi. Tumerudi leo kutoka safari." Uso wa yule bwana ukachangamka alipoliona koti jeupe. "Ah, wewe ndiye daktari! Yule mama tuliyemwajiri kumlisha paka alituambia kwa simu kwamba utakuja. Mtu mwaminifu sana. Aliondoka jana na kuacha ufunguo chini ya chungu cha maua."

"Aliondoka... na mfuko?"

"Na begi lake, na mbwa wa kahawia mwenye tai. Alisema umemwazima. Tena ameniambia ada zote za mtaa alishakukabidhi mkononi, ameaga kila mtu akiwaeleza hivyo. Amekusifu kweli!"

Sukari akashika mwimo wa mlango. Mfuko ulimuuma, asiseme mtu haukumuuma. Kilichomshangaza ni kwamba kuondoka kwa Waziri kulimuuma zaidi. Na katikati ya maumivu hayo aliona heshima ikimpanda, heshima ya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Yule mama aliingia mtaani na paka wa watu, kama yeye alivyoingia na mbwa wa bucha, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hata yeye hakuuliza.

Tone la kwanza la mvua likampiga puani. Alipogeuka, walikuwa wamejaa getini kwa miavuli: Mama Biskuti, Baba Kanali, mwenye sungura, mwenye kobe.

"Daktari, mvua hiyo!" Mama Biskuti akapiga kelele kwa furaha. "Tuanze na makucha?"

Angesema nini? Akisema hela ameondoka nazo yule mama, nani angemwamini, wakati alishawaaga wote akisema amemkabidhi? Akikimbia, angekuwa mwizi wa pesa ambazo hata harufu yake hajaisikia, na mlinzi alikuwa amesimama kizuizini.

Baba Kanali akamsukumia mbwa wake. "Ana kupe sikioni. Ulisema kwa mkono."

Kanali alionyesha meno.

"Chanjo yake," Sukari akauliza kwa sauti nyembamba, "bado ipo?"

"Iliisha. Si ulisema na nyekundu, chanjo ya nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sukari alitamani mtu asiwe amemwamini. Aliangalia yale meno, akaangalia watoto wa Baba Kanali waliokuwa wanamkumbatia mbwa huyo shingoni, akawaambia wote kupe wasubiri asubuhi. Asubuhi yake aliuongoza msafara mzima, mbwa, paka, sungura na hata kobe, hadi kwenye zahanati ya mifugo karibu na soko, akaomba kuonana na daktari wa kweli faraghani. Daktari wa kweli, mwanamke aliyevaa aproni yenye madoa, alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Nitawachanja wote wanaohitaji," akasema. "Wewe utasafisha vizimba hapa mwaka mzima, na mitaani utapita kama ulivyoahidi. Hiyo dawa yako ya kijani mwaga."

"Sawa."

"Angalau mmoja mjini hapa ana akili. Juzi mama mmoja mwenye shali kaleta mbwa wa kahawia, kataka chanjo zote na dawa ya minyoo, kalipa papo hapo. Anasema mbwa wa kazi lazima awe na afya, na kule anakohamia watu wanapenda mbwa."

Sukari akamsogelea. "Alikuwaje?"

"Mama?"

"Mbwa."

"Mnene. Ananawiri."

Alifurahi, na kufurahi huko kulimuudhi. Alivua koti jeupe, akalitundika msumarini, akapokea ufagio. Mama Biskuti alikuwa anachungulia mlangoni na kijibwa chake kwapani, sasa kimevaa koti la mvua.

"Daktari, na baridi ikija utakuwepo?"

"Nipo, mama," akasema Sukari. "Mvue kwanza hiyo nguo, anahema."