Malalamiko Kuhusu Mpaka Uliopita Nyuma ya Jiko Langu

Sesilia Shemndolwa,
Kitongoji cha Kwemkuyu,
Gare, Lushoto.
Mwezi wa pili, masika yakiwa njiani.

Kwa Ndugu Mratibu,
Mafunzo ya Ramani za Kompyuta kwa Ajili ya Maliasili,
Lushoto Mjini.

YAH: KUGEUZWA MSITU BILA RIDHAA YANGU

Ndugu Mratibu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, ya kwako naisubiri, na wala sina haraka, kwa kuwa miti haina haraka, na kwa mujibu wa ramani yenu mimi sasa ni mti.

Mimi ni mjane, mkulima wa viazi na kabichi, mama mzazi wa Janeth aliyeolewa na Tobia. Huyo Tobia unamfahamu. Ndiye ambaye kamati ya maliasili ya kijiji chetu ilimtuma kwenu akajifunze ule mfumo wa taarifa za kijiografia mnaouita jiaiesi, ili akirudi atuchoree ramani, tujue mashamba yanaishia wapi na msitu wa hifadhi unaanzia wapi. Sisi tulikuwa tunajua. Mpaka ni ule mstari wa miti ya miwati iliyopandwa na wazee: juu yake msitu, chini yake mashamba. Hata kima wanaujua, maana wakishaiba viazi hukimbilia upande wa pili, wakakaa hapo wakitutazama. Lakini tuliambiwa kwamba kujua bila kompyuta si kujua, basi tukamfungia Tobia chakula cha njiani, tukamsindikiza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyapa namba kwa kuwa nasikia kwenu kitu kisicho na namba hakionekani.

1. Mmemrudisha Tobia akiwa na maneno mengi kuliko aliyoondoka nayo. Hili nalisema kwa kusikia kwa Janeth, kwa sababu mimi na Tobia hatuzungumzi ovyo. Ni mkwe wangu. Akinisalimu huinamisha kichwa akiwa mbali, na akiwa na neno hulipitisha kwa mke wake. Janeth ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi dunia ni matabaka: chini tabaka la mito, juu yake la barabara, juu yake la misitu, na ukichoka na tabaka moja unabonyeza tu, linatoweka. Nikamtuma aulize sisi watu tuko tabaka la ngapi. Jibu lililorudi ni kwamba watu ni data nyingine, watakusanywa ukipatikana mradi mwingine.

2. Ramani imebandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Inapendeza, sikatai, ukiiona kwa mbali unaweza kudhani ni kitenge. Mashamba ni ya njano, maji ni ya bluu, msitu ni wa kijani. Jirani zangu wote ni wa njano. Kassimu, aliyekata miti ya hifadhi mpaka mbega wakahama, ni wa njano inayong'aa. Mimi ambaye sijawahi kuokota hata fito bila kuomba, ni wa kijani, mimi na nyumba yangu, na matuta yangu, na miti yangu ya plamu, na kaburi la marehemu mume wangu Abrahamu, ambaye aliyachimba yale makinga maji kwa mikono yake mwenyewe. Hapo niliumia, Ndugu Mratibu. Mtu amekufa mkulima, ninyi mmemfanya kichaka.

3. Sasa mpaka wenyewe. Unatoka kwa jirani zangu umenyooka, unakwenda na miwati kwa utaratibu mzuri. Ukifika kwangu unashtuka. Unaacha miwati, unateremka shambani, unapita nyuma ya jiko langu, unazunguka chini kabisa bondeni kwenye migomba, halafu unapanda tena upande wa pili, unarudi kwenye miwati na kuendelea na safari yake kama vile hakuna kilichotokea. Kila aliyekwenda kuitazama ile ramani ameuliza hapo pana nini. Mtaalamu wenu mwenye kofia pana, aliyekuja na gari kukagua, aliuambia mkutano wa kijiji kwamba kifaa cha jipiesi kiliandika kila mahali kilipobebwa, na kwamba setelaiti haidanganyi. Mimi sikusema inadanganya. Nilisema haina akili, na hayo ni mambo mawili tofauti. Akaniandika kwenye taarifa yake kuwa mdau anayehitaji uelimishaji.

4. Bwana misitu wetu, Bakari, ni mtu mstaarabu. Alikuja hapa, akaamkia, akasifia kabichi zangu, kisha akaniomba kwa sauti ya msibani nisipeleke jembe tena juu ya ule mstari, kwa kuwa ni hifadhi. Anasema ramani inakwenda wilayani kutiwa sahihi, na ikishasainiwa, kuirekebisha ni kazi ya watu wengi wasioonekana ofisini. Mbegu zangu za viazi zimeshachipua ghalani. Wenzangu wanapiga matuta. Nisipopanda masika haya, sina cha kula wala cha kuuza sokoni, na shamba alilolitengeneza Abrahamu litarudi kuwa magugu. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mengine yote ni hasira tu.

5. Hata hivyo mimi si mbishi. Kama nimeshakuwa msitu, basi nitendewe kama msitu. Naomba niwekewe kibao barabarani, chenye maandishi meupe, kinachokataza watu kunikata, kunichoma na kunichungia mbuzi. Naomba jumuiya yetu ya sala, ambayo hukutana sebuleni kwangu, ipewe onyo, maana wamekuwa wakiingia hifadhini bila kibali na kuimba kwa sauti ya kushtua ndege. Kuku wangu wahesabiwe kama wanyamapori, na atakayemchinja mmoja, hata kwa ajili ya padre, ashtakiwe. Moshi wa jiko langu ni moto wa msituni, kwa hiyo kila jioni nitaipigia ofisi simu ya dharura, nami nitategemea mje na matawi kuuzima. Na kwa kuwa milima yetu inasifika kwa viumbe wasiopatikana kwingine, wataalamu kutoka hifadhi ya Amani waletwe waniandikishe, baada ya yule kinyonga mwenye pembe na yale maua ya zambarau ambayo wageni hupiga magoti kuyapiga picha. Mjane anayelima viazi ndani ya hifadhi huku akikatazwa kulima, na bado yuko hai, nadhani hayupo kwingine.

6. Nimefika kwenye kiini. Tobia hawezi kuwaambia kilichotokea, kwa hiyo nitawaambia mimi. Siku ile ya kupima nilikuwa nimekaa palepale mpakani, kwenye miwati, nikichambua mbegu na kuwafukuza kima. Nilikuwa nimetazama msituni, miguu nimeinyoosha, kanga nimeipandisha magotini kwa ajili ya jua, kwa sababu ugonjwa wa viungo haujui mradi. Tobia akatokea na kifaa chake mkononi. Akaniona. Kwetu mtu hapiti mbele ya mkwe wake aliyekaa hivyo, wala hapiti karibu. Hupita nyuma, tena mbali, asimwone wala asionekane. Nyuma yangu ni shamba. Kwa hiyo kijana wa watu akateremka, akapita nyuma ya jiko, akazunguka bondeni kwenye migomba, akapandia upande wa pili. Nilimsikia akikohoa huko chini ili nijue anapita. Nikamwombea baraka moyoni, maana wakwe wa siku hizi wengine hukuruka kama gogo. Kumbe lile lidude mkononi lilikuwa linaandika.

Njia ya mwongo ni fupi, Ndugu Mratibu, lakini ya mkwe mwenye adabu ni ndefu, na ninyi mmeigeuza kuwa mpaka wa hifadhi.

7. Mkutanoni alipoulizwa kwa nini alizunguka, Tobia aliinama akasema ndivyo kifaa kilivyoonyesha. Angesemaje? Asimame mbele ya kijiji kizima na yule mwenye kofia, aeleze kwamba alimkuta mama mkwe wake miguu wazi? Aliona afadhali aonekane mjinga. Janeth anasema tangu siku ile chakula hakimpandi, kwa sababu ameniponza na hawezi kusema. Nami namkasirikia na kumpenda kwa wakati uleule, jambo linalochosha sana kwa mtu wa umri wangu. Mlimfundisha kuhesabu nyota zenu za angani na kusoma picha zilizopigwa kutoka mawinguni. Hamkumfundisha afanye nini akimkuta mkwe wake katikati ya mstari. Basi mafunzo yenu ni ya nchi gani, ambako watu hawaoi?

Kwa hayo, naomba mawili. Kwanza, muongeze somo la wakwe, nalo litangulie lile la matabaka. Pili, upande huu upimwe upya kabla ramani haijapelekwa wilayani, na apime Tobia yuleyule, ili arudishiwe heshima yake. Siku hiyo mimi nitajifungia ndani na dirisha nitalifunga. Sitaki kuongezewa hata shubiri. Msitu ubaki msitu, shamba libaki shamba, na mpaka ukae pale wazee walipoupanda, kwa sababu ardhi si kitu cha kuchezea, na mtu anayesogeza mpaka kwa ujanja ni mwizi hata kama ana kompyuta.

Msalimie yule wa kofia, umwambie mdau wake anaendelea kuelimika. Wasalimie pia walimu wote, dereva aliyekwama kwenye tope letu akasukumwa na watu ambao hawapo kwenye tabaka lolote, na mama yako mzazi, na zaidi ya wote mama mkwe wako, kama unaye na kama unampisha.

Wako katika kulinda misitu, mimi mwenyewe nikiwemo,

Sesilia Shemndolwa (Mama Janeth)

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Janeth amekuja mbio kusema Bakari amewashawishi, na mmekubali kipimo kirudiwe Alhamisi, Tobia akiwa na kifaa chake. Nawashukuru. Barua naituma hivyo hivyo, ila ile ahadi ya kujifungia ndani naomba uifute. Miguu yangu inataka jua. Nitatoa kigoda changu palepale kwenye miwati, isipokuwa safari hii nitakaa nikitazama shambani, mgongo nimeupa msitu. Huko nyuma yangu, juu kidogo, kuna chemchemi na kipande cha udongo mweusi ambacho marehemu Abrahamu alikitamani maisha yake yote. Tafadhali mpeni Tobia betri ya kutosha, maana kijana ana adabu na huzunguka mbali. Na atakachokiandika msikibishie. Setelaiti haidanganyi.