Vita vya Wafo za Shayiri

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mlioshika vikombe viwekeni chini, maana habari hii haisikilizwi huku mtu anatafuna! Ni habari ya Jumamosi ile tukufu ambayo Binti Msomi, mtwaa shahada, bingwa wa makala za lishe alizozisoma hadi nusu, aliingia jikoni kumwokoa baba yake kwa wafo.

Naam, wafo: ile mikate laini ya vishimo vya mraba, iokwayo kati ya mabamba mawili ya chuma. Lakini hizi zingekuwa za afya, zenye shayiri aliyoisaga mwenyewe kwenye blenda, ndizi mbivu mahali pa sukari, na mdalasini kidogo wa kuficha aibu.

Wiki hiyo daktari alikuwa amemwambia Baba kwamba sukari yake imepanda. Baba, simba wa vijiko vinne kwa kikombe, hakutishika hata kidogo. Binti ndiye aliyejifungia bafuni akalia, bomba amelifungulia asisikike. Alipotoka, Baba akamtangazia masharti.

"Sikiliza, Msomi wangu. Jumamosi nipikie hicho chakula chako cha vitabuni. Nikimaliza sahani, asubuhi zangu zote ni zako. Nikishindwa, usinitajie tena daktari."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Ngome ya kwanza ilikuwa kabati. Humo mashine ya wafo ilikuwa imelala miaka kumi na mmoja ndani ya boksi lake, ikilindwa na Mama, Mlinzi Mkuu wa Vitu vya Wageni, mwenye seti ya sahani ambazo hata yeye hajawahi kuzilia.

"Hiyo ni ya wageni," Mama akasema.

"Wageni gani, Mama? Miaka kumi na mmoja!"

"Hawajafika bado."

Hapo Binti akanyoosha mwiko kama mkuki, akahutubu: "Ewe Mama uliyenizaa! Ni mgeni yupi atakayebisha mlango huu aliye mkubwa kuliko mumeo? Akija waziri, akija mfalme, tutamwambia nini? Kwamba mwenye nyumba hayupo, ila mashine ni mpya?"

Mama akasogea kando ya kabati. "Chukua. Boksi usilichane."

Basi mashine ikawashwa, nayo ikanguruma, au tuseme ikatoa mlio mdogo kama wa mbu. Binti akaapa kwamba hakuna tone la mafuta litakalovuka mpaka wa mabamba yale, akamimina rojo, akafunga. Mvuke ukapanda kama vumbi la farasi elfu. Alipofungua, wafo ilichanika katikati, nusu ikang'ang'ania bamba la juu, nusu la chini, kama ndugu waliogombania shamba. Ya pili nayo ikafa kifo hichohicho.

"Msomi!" Baba akanguruma kutoka sebuleni. "Naona moshi, sioni chakula!"

Rojo lililobaki lilitosha wafo mbili tu. Jemadari wetu akasimama mbele ya mashine, kisu cha kukwangulia mkononi, machozi yakimlengalenga.

Mama akachungulia. "Ulipaka mafuta?"

"Hizi ni za afya, Mama."

"Afya gani hiyo isiyobanduka? Itamfikiaje baba yako ikiwa imegandia kwenye chuma?"

Hivyo ndivyo falsafa ya miaka minne ya chuo ilivyoanguka kwa kijiko kimoja cha mafuta. Mama akapaka, Binti akamimina, na zikatoka wafo mbili nzima, za rangi ya kahawia, ngumu kidogo pembeni.

Baba akaigeuza ya kwanza. Akainusa. Akatafuna polepole kama hakimu asomaye jalada, akamaliza. Kisha mkono wake ukanyooka kuelekea kopo la sukari. Binti akashikilia kiti. Mkono ukalipita kopo, ukatua juu ya wafo ya pili.

"Zinalika," akasema.

Enyi msiomjua, tetemekeni! Huyu ndiye baba ambaye siku ya mahafali alimwambia bintiye "haya" tu, akaenda kutafuta maegesho.

Basi na iandikwe, na vizazi vikariri: saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mbele ya mke wake aliyeshuhudia kwa mikono yenye mafuta, Baba alimaliza sahani, akapangusa masharubu, na bila kumtazama mtu usoni akauliza, "Kesho utaamka saa ngapi?"