Nani Kaleta Matege Skelby?

Jumatatu, 4 Machi

"Michezo ya video imewarudishia watoto wetu matege." Ndivyo lisemavyo gazeti la *Daily Lantern* leo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kutangazia vita. Uongo! Nimeisoma habari yote hadi aya ya mwisho, kazi ambayo mhariri wake hakuifanya. Huko chini kabisa, jirani na tangazo la mazulia, daktari mwenyewe anasema matege hutokana na kukosa jua na lishe duni. Gemu hakuzitaja. Mwandishi ndiye aliyemuuliza kama watoto wa gemu hukaa ndani. Daktari akajibu kwamba ndiyo, hukaa ndani. Basi. Kesi imekwisha, gemu zimehukumiwa.

Jua! Hapa Skelby, kaskazini mwa Uingereza, jua halijaonekana tangu Oktoba. Mbona wingu halikushtakiwa?

Zamani walisema riwaya zinawapofusha wasichana. Kisha baiskeli zinawaharibu wanawake nyuso. Kisha redio, kisha televisheni. Kila kizazi na mchawi wake.

Ningecheka, lakini Bi Glenys Postlethwaite, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kanisa, hacheki. Ameukata ukurasa ule na kuubandika kwenye ubao wa matangazo, juu ya tangazo la klabu yangu ya gemu. Alhamisi ya wiki ijayo kamati itapiga kura: Jumamosi asubuhi ibaki ya watoto, au wapewe wazee wake wanaoviringisha matufe kwenye zulia. Nimemwambia huo si ushahidi, ni gazeti. Akajibu kwamba limeandikwa, Leonard, limeandikwa.

Binti yangu Bryony anaishi Leeds na mama yake. Ana miaka kumi na mitatu. Kwenye simu hunijibu "mh" na "sawa". Lakini Jumamosi hupanda basi, akaja klabuni, akakaa kando yangu na rimoti ya gemu mkononi, akanizomea kama rafiki. Klabu ikifa, nitabaki na "mh".

Haifi. Nimemwandikia mhariri. Kurasa kadhaa. Baiskeli zimo.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Wamepiga simu kutoka gazetini. Mwandishi mmoja, Kimberley Stott, sauti tamu kama ya muuza bima. Amesema barua yangu ni nzuri mno, ila ni ndefu mno, kwa hiyo haitachapishwa. Badala yake atakuja mwenyewe Jumamosi na mpiga picha. Akauliza kama mimi pia nacheza. Nikamwambia nacheza tangu ujana wangu, na niko kama chuma.

Akasema hilo hasa ndilo analolitaka.

Nimepanga kila kitu. Watoto watapokea wageni kwa kuruka kamba. Watakunywa maziwa mbele ya kamera. Mimi nitavaa kaptula. Mtu anayevaa kaptula Yorkshire mwezi wa tatu, nani atathubutu kumwita mgonjwa?

Nimekwenda dukani kwa Pickersgill kununua maziwa. Huyu ndiye anayewauzia Skelby nzima gazeti lile, na hulisoma kwa sauti hata usipomwomba. Akaniuliza kama nina ndama nyumbani. Nikamweleza mpango. Akacheka hadi akashika kaunta. "Bosi wangu, umemwita fisi aje akuhesabie mbuzi?"

Mtu mdogo. Biashara yake inategemea ujinga wa watu.

Hazel, mama yake Bryony, naye kapiga simu. Bryony amemsimulia. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoudhi, kwamba nifanye nitakalo, ila nivae suruali ndefu. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu: "Leonard, tulikaa pamoja miaka mingi. Vaa suruali ndefu tu." Wivu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Watoto wakakataa kuruka kamba. Maziwa yakanywewa na kasisi. Hayo ni madogo.

Stott ni mwembamba, anaandika haraka, anaitikia kwa kichwa kila neno unalosema. Nimemweleza kuhusu riwaya. Nimemweleza kuhusu redio. Alipoonekana kuchoka, nikapanda jukwaani na kaptula yangu, nikapiga kifua. "Nimecheza gemu maisha yangu yote. Nitazame!"

Akanitazama. Mpiga picha akanitazama. Wakatazamana.

Kuanzia hapo walinipenda ajabu. Mpiga picha akaniomba nisimame kando ya televisheni, miguu pamoja, niinyooshee kidole ile skrini, na nifanye uso wa huzuni. Nikauliza huzuni ya nini. Akasema picha za gazeti ndivyo zilivyo, mzee, hata aliyeshinda bahati nasibu huwa ananuna. Kweli kabisa. Sijaona mtu wa Yorkshire gazetini akicheka: ananyooshea kidole shimo la barabarani, amenuna, ananyooshea kidole pipa la taka, amenuna. Nikanuna vizuri. Nadhani nilinuna kuliko wote.

Bryony alikuwa kwenye kiti akiniangalia, kiganja kikiwa usoni. "Baba, jamani. Keti." Nikaketi. Akanishinda kwenye gemu ya mbio za magari, kisha akanishinda tena, akanibandika jina la Bibi Konokono, akacheka hadi akakohoa. Alipoondoka kupanda basi alinigonga begani na ngumi. Kwa Bryony hilo ni kumbatio.

Jumatatu, 11 Machi

Washenzi!

Ukurasa wa tano. Mimi, mzima mzima. Kaptula, kidole, uso wa msiba. Na miguu yangu imefanya duara ambalo mbwa anaweza kupita bila kuinama. Chini yake: "GEMU ZILINIFANYA HIVI. Leonard Sugden (53) anyooshea kidole mashine iliyompinda."

Nilizaliwa hivi! Baba yangu alikuwa hivi, babu yangu alikuwa hivi, na babu alikufa bila kuona hata televisheni! Sikuwahi kusema maneno yale! Nilichosema ni "Nitazame". Nalo limechapishwa, peke yake, kwenye alama za kunukuu, kama kilio.

Pickersgill amelibandika dirishani. Nilipoingia akajibana ukutani ili nipite na miguu yangu. "Pole, bingwa. Sasa umekuwa ushahidi."

Jioni Bi Glenys alikuja na pai ya nyama ya nguruwe na macho ya machozi. Akasema hakujua kama nateseka. Akasema matufe yangenifaa, hayahitaji magoti sana. Nikamfungia mlango. Pai nilibaki nayo.

Alhamisi, 14 Machi

Kura.

Nilikwenda na silaha: picha yangu ya utotoni, ufukweni Scarborough, nina umri wa kunyonya, nimesimama na ndoo, na duara lile lile chini. Nikaizungusha mezani. Tazameni, nikasema, mwaka huo gemu zilikuwa hazijafika nchi hii! Kamati ikapenda picha. Mmoja akasema nilikuwa mtoto mzuri. Nikaingia kwenye riwaya. Nilipofika kwenye baiskeli, chai ilikuwa imepoa.

Hapo Bi Glenys akasimama. Alisema, na sikulitegemea, kwamba picha ile imemtosha. Kwamba gazeti limemdanganya kuhusu miguu ya mtu anayemfahamu, basi huenda limemdanganya na kwa mengine. Akatoa shauri: wazee waviringishe matufe asubuhi mapema, watoto wachukue ukumbi baada yao hadi saa sita mchana. Wote wakaitikia. Kasisi akaanza kukusanya vikombe.

Nikasema: kwanza karatasi ile ishuke ubaoni.

Bi Glenys akasema itashuka, hakuna shida, kesho akija na ngazi.

Nikasema sasa. Na aishushe yeye mwenyewe, mbele ya kamati, na aseme kwa sauti kwamba alikosea. Ukweli haungojei ngazi!

Kasisi akanong'ona, "Leonard, ndugu yangu, umeshapata. Kaa." Sikukaa. Nikamwambia Bi Glenys kwamba watu kama yeye ndio waliomtilia Galileo kufuli kwa kusema dunia inazunguka jua. Akavaa koti lake taratibu, akafunga vifungo vyote, akasema basi tupige kura kwa shauri la awali, wazee wapewe Jumamosi asubuhi yote.

Wote mikono juu. Hata kasisi. Jumamosi ni ya matufe.

Nimetetea kanuni. Nimempigia Bryony kumwambia klabu haipo tena. Akasema, "Mh."

Jumamosi, 16 Machi

Sikutoka kitandani mapema. Ya nini?

Mlango ukagongwa. Bryony, amelowa, mkoba mgongoni. Akapita bila salamu, akatoa mashine yake ya gemu, akaanza kuchomeka nyaya nyuma ya televisheni yangu. Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akasema mama ndiye aliyempakia basini. Nikaanza kumweleza kuhusu kura, kuhusu Galileo. Akaninyooshea rimoti.

"Baba. Sikuwa nakuja kwa ajili ya ukumbi."

Nikamwacha Galileo katikati ya sentensi, nikaipokea rimoti. Jambo hilo halinipati mara nyingi.

Tukacheza hadi mchana. Tukala chipsi kwenye karatasi, sakafuni. Kabla ya basi lake akanitaka niahidi kitu kimoja: hakuna magazeti tena. Shuleni wanamwita Binti Duara. Anavumilia, kasema, kwa sharti kwamba Jumamosi ziwe hivi hivi, mimi na yeye, bila kamera. Nikaahidi. Kwa moyo wote. Akanigonga ngumi mbili.

Jumatatu, 18 Machi

*Daily Lantern*, ukurasa wa kwanza: "Michezo ya video yawanyonyoa vijana nywele."

Upara! Sasa wamefika kwenye upara! Nimesoma hadi aya ya mwisho. Daktari anasema ni urithi. Urithi!

Ahadi niliyompa Bryony ilihusu matege. Mtu yeyote mwenye akili ataona kwamba hili ni suala jingine.

Nimempigia Stott. Alifurahi sana kunisikia. Anakuja Jumamosi, hapa hapa nyumbani, na mpiga picha yule yule, kwa sababu nimemhakikishia Stott kwamba Bryony atakuwepo na nywele zake zote kichwani. Bryony ataelewa. Safari hii nitavaa suruali ndefu, maana mtu hujifunza, na nitavua kofia, ingawa baridi hunipiga utosini moja kwa moja, ili wajionee wenyewe kichwa kilichocheza gemu tangu ujana.

Nimebandika tangazo dirishani kwa Pickersgill, na maneno yake nayanakili hapa: Enyi mnaonunua *Daily Lantern* katika duka hili na kumeza kila kitu bila kutafuna, wewe Bi Glenys ukiwa wa kwanza! Njooni kwangu Jumamosi asubuhi, mje na macho yenu. Nitazameni!