Ufunguo wa Bustani ya Kismayo

Serikali ilipokimbia Kismayo, watu wa mji waligawana ilichokiacha. Wenye bunduki walichukua magari na maghala ya bandarini. Wenye misuli walibeba madawati ya skuli na mabati ya ofisi. Mahmudi wa kisiwa cha Chovae hakuwa na bunduki wala misuli, na tangu utotoni aliiogopa kazi ya jasho kama watu wanavyoogopa ndui. Kila alipofika alikuta pameshazolewa. Mwishowe kilichobaki kilikuwa bustani ya manispaa.

Akasimama langoni akaitazama. Mivinje ilipangwa kwa mistari, miarobaini ilitupa vivuli vizito, viti vya saruji vilikuwa vimeinama, na bwawa la samaki wa mapambo halikuwa na maji wala samaki. Mbuzi walikuwa wakila maua bila ya haraka. Mtu mwengine angeona mahali pa kupunga upepo. Mahmudi aliona mali ambayo hakuna aliyekumbuka kuiiba.

Akatafuta kufuli, akalifunga lango, akautundika ufunguo shingoni. Kisha akaenda kumtafuta mjinga mwenye mali. Hakwenda mbali.

Sheikhan alikuwa na duka la mchele karibu na soko. Vita vilipoanza wenzake walifunga maduka wakalia. Yeye alipandisha bei. Mwenye njaa akija na pete ya marehemu mamake, Sheikhan aliipokea huku akitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni hiyo haikumpunguzia mtu hata kibaba.

"Mzee Sheikhan," Mahmudi alimwambia walipokwisha kuingia bustanini, "vuta hewa ya humu."

Sheikhan akavuta.

"Waionaje?"

"Ni kama ya nje."

"Ni kwa sababu hujainunua bado."

Wakatembea chini ya mivinje. Mahmudi alimwonyesha kila mti kama anayemtambulisha kwa jamaa zake. Upande wa nyuma tu hakumpeleka. Alisema kuna nyoka.

"Lakini hii ni ya manispaa," alisema Sheikhan.

"Manispaa iko wapi?"

Sheikhan akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Miti hii aliipanda babangu," Mahmudi akaendelea. "Wakubwa walimwambia kwa midomo yao, siku tukiondoka, ni yako. Nao wameondoka."

"Na hati?"

"Hati zimeungua. Siku hizi mwenye ufunguo ndiye mwenye mali."

Sheikhan akachungulia nje ya lango. Watu waliokimbia Mogadishu walikuwa wakimiminika mjini, na jua lilikuwa kali. "Watu wote hawa watataka kivuli," alisema polepole. "Na kivuli kina mwenyewe."

"Hilo mimi sikulifikiria," akasema Mahmudi, ambaye alikuwa na wazo hilo tangu asubuhi.

Basi Sheikhan akanunua bustani. Dhahabu yake mwenyewe ilikuwa imefukiwa na hakutaka kuisumbua. Akatoa bangili za mkewe, Mwanapili, zilizokuwa sandukuni. Mahmudi akazichukua, akampa ufunguo, na siku ile ile akatumia moja kumridhisha nahodha mmoja wa kisiwa cha Ngumi, ampeleke Mombasa kesho yake adhuhuri. Alichukua nafasi mbili: moja yake, na moja ya begi lake la suti.

Mwanapili alipolifungua sanduku akalikuta tupu, hakupiga ukelele. Bangili zile aliachiwa na bibi yake, na alikuwa akizitunza ziwe nauli siku ya kukimbia. Siku yenyewe ilikuwa imefika: nyumba ya wazee wake kule Chovae ilikuwa imeporwa hadi nyavu, na mamake alikuwa amelala chumba cha pili, hatamki neno tangu aletwe.

"Nimetununulia bustani kwa Mahmudi," alisema Sheikhan.

"Bustani," Mwanapili akarudia.

Akajitanda buibui lake, akaenda kuitazama. Aliizunguka kwa nje, kwani yeye hakuwa ameambiwa habari za nyoka, na kule nyuma akakuta ukuta wote umeangushwa na kombora. Mbuzi walikuwa wakiingia na kutoka. Lango tu ndilo lililokuwa limefungwa, na lilifungwa vizuri sana.

Pa kushitaki hapakuwapo. Kituo cha polisi kilikuwa kimeng'olewa hata milango. Mwanapili akarudi nyumbani, akauomba ufunguo kwa mumewe ili akafagie mali yao, kisha akamwendea Mahmudi, akamkuta akikunja suti.

"Kaka Mahmudi," alimwambia kwa sauti ya chini, "nimekuja kukutaka radhi. Mume wangu amekudhulumu."

Mahmudi, aliyekuwa ameshajiandaa kukanusha, akakosa la kukanusha. "Amenidhulumu vipi?"

"Alijua. Wazungu wa misaada wanaitaka bustani ile, waweke maghala ya chakula. Watamlipa mwenye ufunguo kwa dola, kila mwezi. Kesho alasiri wanakuja. Yeye akakufichia, akainunua kwako kwa bangili za mtu mzima aliyekwisha kufa. Mimi namwogopa Mungu."

Hakuna anayelia kwa uchungu kama mwizi aliyeibiwa. Mahmudi alikaa chini juu ya begi lake. Moyo ulimuuma kwa dhati. Aliiona ile mivinje, na kwa mara ya kwanza akaamini kwamba kweli ilipandwa na babake.

"Yule mzee hana haya," alisema. "Mali ya urithi wangu."

"Ndiyo maana nimekuja na ufunguo. Lakini nikikupa hivi hivi nitakuwa nimeiba. Nipe bangili nizirudishe sandukuni, kila kitu kiwe mahali pake."

Mahmudi akatoa bangili. Moja aliibakisha mkononi. Mwanapili akaikazia macho mpaka Mahmudi akaitoa na hiyo.

"Na ile nyengine?"

"Nimempa nahodha. Ana nafasi mbili zangu."

Mwanapili akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Basi mimi nimekwisha. Sheikhan akijua nimeutoa ufunguo, ataniacha. Sina pa kwenda ila kwa ndugu zangu Mombasa, na siwezi kumwacha mama."

Mahmudi alifikiri kidogo. Mtu mwenye dola kila mwezi ana haja gani ya kukimbilia Mombasa? Akautundika tena ufunguo shingoni, akamwongoza Mwanapili hadi kwa nahodha, akamwambia nafasi ni za mama huyu. Njiani alijiona ana huruma, na hali ile ilimpendeza.

Kesho yake adhuhuri mashua iliondoka na Mwanapili na mamake. Sheikhan alibaki dukani, akingoja mkewe, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda tena kufagia.

Alasiri wazungu hawakuja. Walikuja wakimbizi, kina mama na watoto na wazee, wakapitia kule kwenye ukuta ulioanguka, wakatandika mikeka chini ya miti. Mahmudi aliwakuta wameshabandika vyungu.

"Mimi ndiye mwenye bustani," akawatangazia. "Kila kivuli kina kodi yake."

Wao wakaendelea kuchochea moto. Aliyemjibu alikuwa kijana mwenye bunduki aliyekuwa ameegemea mwarobaini akitafuna mirungi. Mtaa ule ulikuwa mikononi mwa kundi lake.

"Walaal, ndugu yangu, wasema bustani ni yako?"

"Yangu na ya babangu."

"Vizuri. Nimekuwa nikimtafuta mwenyewe tangu hawa waingie. Watu wote hawa hawana choo."

Mahmudi akakumbuka ghafla kwamba yeye ni mpita njia tu, kwao ni kisiwani. Kijana akawageukia kina mama. "Amesema nini huyu?"

"Amesema yeye ndiye mwenyewe," wakajibu kwa pamoja.

Akapewa sepeto. Alivua koti la suti, akalitundika kwenye tawi, akaanza kuchimba kando ya bwawa. Jua lilikuwa bado kali, na kivuli chote kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Bibi mmoja wa Mogadishu akanyanyuka mkekani, akaja kuchungulia shimo.

"Zidisha kina, mwanangu," alisema. "Sisi ni wengi, na wengine wako njiani."