Ombi la Kuazimwa Mume Anayekopesheka

Mtaa wa Bracewell, Na. 31
Keighley
12 Mei

Kwa Meneja wa Mikopo,
Chama cha Akiba na Majengo cha Airebeck

Ndugu Meneja,

Naomba uisome barua hii ukiwa umeshakunywa chai, maana mimi nimeianza kabla ya kunywa yangu na huenda ukali ukazidi kipimo. Jina langu ni Maxine Sugden. Ni mama wa watoto wawili, Freya wa miaka kumi na Kian wa miaka saba, na ni mke wa Russell Sugden kwa wiki chache zilizobaki. Tumeachana bila kurushiana sahani. Yeye amechukua gari na karavani la kulala likizoni. Mimi nimebaki na nyumba, watoto na mkopo wenu. Ombi langu la Februari lilikuwa dogo: jina la Russell lifutwe, libaki langu. Mkopo ule ule, nyumba ile ile, rejesho lile lile la kila mwezi. Mmelikataa. Na jaji amesema kama hadi mwisho wa Juni sijapata kibali chenu, nyumba iuzwe tugawane kitakachobaki, ambacho kwa hesabu yangu ni mlango wa mbele na sehemu ya ngazi.

Basi, kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama alivyonishauri Saffron, yule binti yenu wa dirisha la mikopo. "Yaandike kwa namba, mpenzi," aliniambia. "Wakubwa wakiona namba wanatulia."

1. Kwamba mmesahau nani alikuwa akiwalipa. Kwa miaka tisa rejesho limetoka kwenye akaunti yangu na halijachelewa hata mara moja, hata mwaka ule Russell alipoacha kazi ya kuezeka mapaa ili, kwa maneno yake, ajitafute. Alijitafuta kwenye kochi mpaka Oktoba. Siku hizo mlituita wateja wema na kila Krismasi mkatuletea kalenda. Sasa kwa kuwa amepata kazi ya kudumu kwenye ghala la matairi, naambiwa kumbe mwaminifu alikuwa yeye. Kalenda ya mwaka huu ilimfuata kwa mama yake.

2. Kuhusu matunzo ya watoto. Mlisema fedha za Russell hazihesabiki mpaka zionekane miezi sita mfululizo kwenye taarifa ya benki. Nikangoja. Aprili nikaleta taarifa. Fedha zilikuwepo, kila tarehe mosi, senti haikupungua. Tatizo likawa kile kinafasi ambacho mtumaji huandika sababu ya malipo. Unawajua wanaume wetu, Ndugu Meneja. Hakuna anayeweza kumtumia mwenzake pauni tano za bia bila kuandika upuuzi humo, na kwao kuandika ukweli ni utovu wa adabu. Novemba Russell aliandika "Kodi ya joka". Desemba, "Fidia ya mateso". Januari, "Figo moja, imetumika". Machi aliandika "Masaji".

Saffron alisogeza kiti karibu na kushusha sauti. "Samahani, mpenzi. Hii masaji... ni biashara yako? Si vibaya hata kidogo. Ila kama ni biashara tutahitaji hesabu za miaka miwili."

Nikamwambia huyo ni mume wangu, anatania. Akanipapasa mkono. "Wote husema hivyo."

Nilimpigia Russell nikiwa bado kwenye ngazi zenu. "Bwege wewe, andika matunzo! Matunzo, basi!"

"Sawa, Max, usipige kelele, niko na watu."

Mwezi huu kaandika "Matunzo ya mbwa". Hatuna mbwa. Nimearifiwa kwamba miezi sita itaanza kuhesabiwa upya, na kwamba nijaze pia fomu ya gharama za mifugo.

3. Kwamba mmeniuliza mwanangu ataacha lini kuwa mtoto. Ruzuku ninayopata serikalini kwa ajili ya Freya itakoma atakapofika miaka kumi na sita, na mkopo utakuwa bado unadaiwa. Niliulizwa nina mpango gani juu ya hilo. Nilijibu kwamba suala la kukua nilikuwa nimemwachia Mungu. Nimejaribu kumwomba Freya apunguze kasi, lakini tangu Februari ameruka saizi mbili za viatu, na naogopa ofisi yenu ikimwona itaufupisha mkopo papo hapo.

Nagawa chakula cha mchana shuleni, saa kumi na sita kwa wiki. Mmesema saa ni chache. Nikiongeza saa, serikali inapunguza ruzuku. Ruzuku ikipungua, mnasema kipato changu kinayumba. Nikitulia nilivyo, mnasema ruzuku si kipato, ni "hali". Hata hivyo kwenye matumizi yangu hamkuona hali. Mliona samaki na chipsi kila Ijumaa, nikaulizwa kama hiyo ni tabia ya kudumu. Ndugu Meneja, mtaani kwetu Ijumaa ikipita hujaonekana kwenye foleni ya samaki na chipsi, majirani huja kugonga wajue nani kafa.

4. Jaji hawezi kumaliza shauri la talaka mpaka ajue ninyi mmesema nini. Ninyi hamwezi kusema neno mpaka jaji amalize. Mmesimama kama tunavyosimama sisi sote mlangoni hapa kwetu: tangulia wewe, la, tafadhali, tangulia wewe. Ni adabu nzuri sana. Ila mimi niko nyuma yenu, mvua inanyesha.

5. Kwamba baada ya kupima yote, kasoro yangu iliyobaki ni kukosa mwanamume. Jirani yangu Denise alipata mkopo wenu kwa nusu saa, na mume wake Trevor ni mtu ambaye hata paka wao anamkwepa.

"Uliwaonyesha nini?" nilimuuliza.

"Nilimwonyesha Trevor."

"Wakamtazama, na bado wakatoa?"

"Mwenyewe alikuwa amelala kwenye gari, mwaya. Zilizoingia ofisini ni hati zake za mshahara."

Nikaenda nyumbani nikalitafakari jambo hili nikiosha vyombo, na nikaona kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nadhani mnapima ulipaji. Kumbe mnapima mume, na mume kwa maana yenu ni karatasi tatu na sahihi. Hilo halihitaji mapenzi wala harusi. Linahitaji bohari.

Kwa hiyo naomba rasmi: kwa kuwa kazi yenu ni kuazima fedha, na fedha hazitoki bila mume, mniazime na mume.

Sina makuu. Si lazima awe mpole, wala ajue watoto wanasoma darasa gani. Si lazima awepo. Najua wengi wenu hapo ofisini mna waume wasio na kazi maalumu siku za wikendi, na nina hakika wengine mngefurahi kuwapunguza. Aliyetumika nachukua, mradi bado anatoa hati za mshahara. Nitamweka penye ukavu, nitamrudisha mkopo ukiisha, akiwa na mikwaruzo ya matumizi ya kawaida tu. Kama utaratibu huu utawafaa, nashauri muwe na stoo yao kila tawi. Hapa Keighley peke yake nawafahamu wanawake saba ambao wangepanga foleni, na mmoja ana trela. Sharti langu ni moja: awe mgeni kwangu. Ninayemfahamu nimekwisha kumfanyia majaribio miaka kumi na moja, na ripoti yake naweza kuileta.

Usinione mcheshi, Ndugu Meneja. Shule ya Kian iko ng'ambo ya barabara, na vyoo vya shule vinamtisha. Hujibana tangu asubuhi, kengele ya kutoka ikilia huvuka mbio, nami nimeshafungua mlango ili asipoteze muda. Wiki iliyopita, tukiwa tunakunywa chai ya jioni, aliniuliza: "Mama, tukihama, hao watu wapya watakaokaa hapa watakuwa wananiruhusu niingie chooni kwao?" Nikamwambia nitauliza. Basi ndiyo nauliza.

Nisalimie wote hapo ofisini, Saffron zaidi ya wote, na yule bwana wa mlangoni anayetuarifu sote kwamba mvua inanyesha wakati ndio kwanza tumetoka ndani yake. Denise anawasalimu. Trevor angewasalimu pia, lakini amelala.

Ni mimi niliyekuwa nikiwalipa,
Maxine Sugden (bado Bibi)

Tanbihi: Tafadhali futa yote hapo juu, namba moja hadi tano. Juzi nilikuwa natafuta stempu Saffron alipopiga simu. Mmekubali! Anasema upo utaratibu ambao hakuna aliyekuwa ameuulizia: nyumba inakuwa yangu peke yangu, talaka inakwenda kama kawaida, jaji hana neno, ila kwenye mkopo anaongezwa mtu mwenye mshahara wa kuutia nguvu, asiye na haki ya hata tofali moja. Na mtu huyo mmeshampata, yuko kwenye kumbukumbu zenu, na mnampenda sana. Nimeletewa jina. Namfahamu.

Alikwenda kusaini leo asubuhi kabla ya zamu, na wakili aliyewekwa kumsomea masharti anasema alimsomea kisogo, maana bwana alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Baadaye kidogo akanipigia. "Ngoja nielewe, Max. Yaani tukiachana ndiyo tunafungwa mpaka nizeeke?" Nikamwambia ndiyo, na ahsante, na Kian anamsalimu. "Basi angalau avute maji chooni," akasema.

Nami nimesaini. Nilikuwa mkewe miaka kumi na moja. Nitakuwa mkopaji mwenzake ishirini na miwili. Sina tena lalamiko lolote dhidi ya ofisi yenu tukufu. Nina swali moja tu, wala si la haraka: mtu akitaka kumwacha mume aliyepewa na ninyi, anaanzia dirisha gani?