Nondo na Mbuzi wa Mlimani

Jumatatu, 3 Machi
Epifania wangu kaja na swali la Mwalimu Pasikali: linganisha nondo na mbuzi mwitu wa mlimani. Atakayeshinda anakwenda Kasulu kusoma insha yake mbele ya shule zote. Mama Tunu keshatangaza kisimani kwamba ni Tunu wake, hata viatu vimeng'arishwa. Eti mimi nimuandae wangu kupiga makofi. Tutaona! Insha naandika mimi. Mtoto atanakili tu.

Jumanne, 4 Machi
Sijalala, mdogo wake ana homa. Nimembeba hivyohivyo mgongoni hadi kwa Bazilio, muuza vifaa vya ujenzi, kupima nondo. Akauliza najenga nini. Nikasema nalinganisha na mbuzi. Akanipa pole, akaniuliza kama nimekula.

Jioni Epifania kaninong'oneza kwamba mama, nondo ni mdudu. Mdudu ni uvivu wake! Baba yake kasuka nondo Nyarugusu miaka miwili, leo nifundishwe nondo? Nikampaka mafuta miguuni, akalala.

Alhamisi, 6 Machi
Imekamilika! Mbuzi ana miguu minne, nondo haina hata mmoja. Mbuzi hupanda mwamba, nondo hupandishwa. Mbuzi akinyeshewa hukimbilia pangoni, nondo ikinyeshewa hushika kutu. Wote wawili ni wagumu kukunja. Kurasa mbili! Epifania kanakili huku analia. Chozi limefuta neno kutu, nikamrudishia kalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu kaisoma darasani. Wamecheka mpaka darasa la pili wakaja dirishani. Kumbe nondo ni yule mdudu anayejigonga kwenye taa! Sisi nyumbani tunamwita kinyugunyugu, basi. Nani alimpa jina la chuma? Tunu ndiye wa Kasulu. Mama yake kapita mlangoni kuuliza kama nimebakiza nondo, anajenga choo. Mshenzi!

Epifania hajala. Hajanilaumu hata neno moja, na hilo ndilo limenichoma. Nimemwomba radhi. Nimemwapia kwamba kuanzia leo namsikiliza.

Jumatatu, 10 Machi
Bahati imerudi! Anatakiwa mtoto wa pili wa kwenda Kasulu. Swali jipya: linganisha kaa na konokono. Epifania kaanza, eti mama, kaa ni mnyama wa majini, anatembea upandeupande. Nimemnyamazisha kwa upole. Miaka minne nauza mkaa, mimi! Kipande kimoja nimeshakitoa jikoni. Kikipoa nakipima.