Ramani ya Shamba Langu Ukutani kwa Darasa la Tatu

Matulo,
Jumapili, 17 Juni 1951

Kwa Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya misheni,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Zakaria Mukhisa, baba yake Nekoye wa darasa la tatu, yule ambaye wewe mwenyewe ulimsifu mbele ya kanisa. Naomba sifa hizo uzichukue tena, kwa maana wiki hii mtoto amefundishwa kupita kiasi, na aliyeumia ni mimi. Naeleza kwa utaratibu.

1. Jumatatu Mwalimu Rispah aliwafundisha kupima kwa hatua. Nekoye alirudi akapima ua, zizi na kitanda changu. Nilicheka. Nakiri kosa hilo.

2. Jumanne lilikuwa somo la usafi. Alikagua kucha za mama yangu mzazi, akamrudisha kunawa mara mbili. Mama alitii. Mimi hajapata kunisikiliza hata siku moja.

3. Jumatano walijifunza amri ya kutosema uongo. Sina neno na amri hiyo, ila ingengoja wiki nyingine, isikae karibu hivyo na Alhamisi.

4. Alhamisi kila mtoto aliambiwa achore ramani ya kwao. Mwalimu, hapa lazima nikueleze habari za plau. Kati yangu na jirani yangu Nyongesa, baba zetu waliacha ukanda wa nyasi usiolimwa, wakapanda mkonge katikati uwe mpaka. Sasa ng'ombe wangu wa plau ni wakubwa, wakifika mwisho wa shamba wanahitaji nafasi ya kugeuka. Kila msimu wamegeukia mbele kidogo. Mkonge nao ukiona plau inakuja, unasogea. Mambo haya yameendelea miaka kumi na moja kwa amani, bila mtu kuumia wala kujua. Binti yangu ameyajua alasiri moja. Alimuuliza mama yangu mkonge wa zamani ulikuwa wapi, na mama, kwa kuwa kucha zake sasa ni safi, akaenda kumwonyesha kwa kidole. Hatua saba.

5. Ijumaa ramani ilibandikwa ukutani, wazazi wakaitwa kutazama. Nyongesa hajui kusoma, lakini hiyo aliisoma. Shemeji yangu, mzee wa kanisa, ambaye tunapakana upande wa mto, alicheka mpaka akashika dawati. Sasa liguru, yule mkuu wa mtaa anayeamua kesi za mipaka, ametuita barazani Jumatano.

6. Jana nilimpa Nekoye karatasi nyingine, nikamwambia achore upya. Hakukataa. Alileta penseli, akaketi, akaniuliza kwa adabu, "Baba, nipunguze hatua ngapi?" Niliona aibu mbele ya mtoto wa miaka kumi, na aibu hiyo bado ninayo.

Kwa hiyo naomba ramani itolewe ukutani kabla ya Jumatano, na Alhamisi ifutwe kabisa katika wiki ya darasa la tatu. Kama ni lazima wachore, wachore Ulaya, ambako sina mpaka na mtu. Ikishindikana, kuanzia kesho Nekoye atakaa nyumbani, nami nitamfundisha mwenyewe yale ninayoyajua.

Wasalimie walimu wote, watoto, na mama anayepika uji. Mama yangu anamsalimu Mwalimu Rispah peke yake.

Ni mimi, ninayekuheshimu hata sasa,
Zakaria Mukhisa

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, Nekoye alishuka mtoni na bibi yake, akaimalizia ile karatasi ya jana kwa upande ule. Plau ya shemeji imeingia kwangu hatua tisa. Sikujua kwamba mzee wa kanisa anaweza kufuga ng'ombe wa namna hiyo. Nilitaka tukate karatasi, twende barazani na upande wa mto tu, lakini Nekoye alisema Mwalimu Rispah hakuwafundisha kukata ramani. Basi saba nitamrudishia Nyongesa, na tisa nirudishiwe mimi. Nekoye amenifanyia hesabu, zinabaki mbili. Kesho atakuja shuleni mapema. Ila Jumatano naomba umpe ruhusa aje barazani, kwa sababu kati yetu sote hakuna mwingine atakayeaminiwa.